Nyayo Sita Chini ya Mabeseni

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, pembezoni mwa mji wa Babati, kule lami inakoishia na mashamba yanakoanzia. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ujinga nitakaousimulia haukutokana na kukosa elimu. Ulitokana na kuipata, tena ukumbini, chini ya feni.

Semina ya kuboresha ulinzi ilikuwa ya siku mbili. Walitukusanya wenyeviti wa mitaa na vijiji, wakatupa maji ya chupa, kalamu, na kizibao cha kung'aa kimoja kwa kila mtaa. Mtoa mada alikuwa mtu wa suti, na kila alipoulizwa swali gumu alijibu kwamba rasilimali ni finyu. Kata nzima ingepata askari mmoja. Gari hakuna, rasilimali ni finyu. Kituo tungejenga wenyewe, kwa sababu hiyo hiyo. Kilichokuwa tele ni maelekezo. Wananchi wasijichukulie sheria mkononi. Eneo la tukio lisikanyagwe hadi askari afike. Kiongozi atakayeruhusu watu watoke na fimbo kumfuata mwizi atawajibika yeye mwenyewe. Saa ya chakula mtoa mada alijichukulia mapaja mawili ya kuku na kurudi kuulizia la tatu, na sikuona ufinyu wowote kwenye sahani ile.

Hata hivyo nilivutiwa. Kile kizibao nilikivaa hadi misibani.

Sasa huku kwetu, kabla ya semina, ng'ombe wakiibwa watu walifuata nyayo. Wanaojua kazi hiyo ni wafugaji waliotoka upande wa Hanang, ambao siku hizi wanalima mahindi kama sisi lakini macho hawajayabadilisha. Wanafuata hadi mpaka wa kijiji kingine, wanawaita wenyeji, wanawaonyesha kwamba nyayo zimeingia kwao. Kuanzia hapo ni kazi ya wenyeji hao kuzifuata na kuonyesha zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa, ng'ombe wako kwao, na watawalipa. Hakuna gari wala mafuta. Si kwamba mambo hayakuwahi kuharibika, maana nakumbuka mpita njia mmoja aliyepigwa bure na watu wenye hasira. Lakini nilikaa siku mbili nikisikiliza jinsi ya kulinda watu bila fedha, na sikuinua mkono kulisema hilo. Niliona ni ushamba.

Asubuhi moja, mvua za kupandia zikiwa karibu, jirani yangu aliyefiwa na mumewe alikuta zizi limebomolewa na maksai wake wawili hawapo. Wale ndio waliokuwa wakivuta plau yake. Bila wao ilibaki jembe la mkono, na shamba la ekari tatu halimalizwi na mgongo mmoja.

Nilipofika, mfuata nyayo wetu, mmoja wa wale wa Hanang, alikuwa ameshainama nje ya zizi. Ni mtu mwenye mdomo mchafu ambaye sikuwahi kumpenda, na saa tatu asubuhi kwa kawaida huwa ameshaonja pombe. Siku hiyo hakuwa ameonja.

"Ni wao wawili," alisema. "Huyu mmoja kwato yake imemeguka. Wamepita alfajiri, wanaelekea Bonga. Tukiondoka sasa, mchana tumewafikia."

Watu wanane walikuwa tayari na fimbo. Mimi nikafunga zipu ya kizibao changu.

"Haondoki mtu," nikasema. "Tunamsubiri askari."

"Shemeji," mjane akaniambia, kwa sauti ya chini, "hao wanatembea sasa hivi tunavyoongea."

Nikampigia simu askari wa kata. Akaniambia tusikanyage kitu, tulinde eneo la tukio, anakuja. Nikawatangazia watu kwa fahari, kama vile nimeshawarudisha ng'ombe. Kisha nikatazama juu nikaona wingu linajikusanya, na hapo ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo likinijia njiani nasimama. Niliagiza mabeseni. Nilichagua nyayo sita zilizo safi, nikazifunika moja moja, nikaweka jiwe juu ya kila beseni upepo usije ukalibeba. Matatu yalikuwa ya mjane mwenyewe.

Mfuata nyayo aliniangalia hadi nilipomaliza.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe hawako chini ya beseni."

Mchana mvua ikanyesha, ikaosha kila kitu kutoka pale zizini hadi Bonga, isipokuwa nyayo sita.

Askari alifika siku ya tatu. Pikipiki ya kata ilikuwa mjini ikisubiri tairi, kwa hiyo alikuja kwa bodaboda, matope hadi magotini. Ni kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, na kata yote ile anaizunguka peke yake. Siwezi kumchukia, ingawa nimejaribu. Aliyapiga picha mabeseni kwa simu yake, akayafunua, akalaza kalamu kando ya kila unyayo, akapiga tena.

"Kazi nzuri sana, mwenyekiti. Ushahidi umehifadhiwa. Zinaelekea kusini."

"Zilikuwa," alisema mfuata nyayo, akaondoka zake.

Mjane alipewa kipande cha karatasi chenye namba ya jalada. Mvua ilipotulia nilimwona shambani na jembe, akianza kona ya juu. Mimi na mke wangu tulikwenda kumsaidia siku moja. Alitushukuru sana, akatupikia chai, na ningefurahi zaidi kama angenitukana. Msimu ule alipanda nusu ekari. Zilizobaki ziliota magugu, na kila nikienda mjini lazima nipite kando yake.

Baadaye tukaitwa semina nyingine. Mtu yule yule wa suti alirusha ukutani picha ya mabeseni yangu, makubwa kama matairi ya trekta. "Rasilimali ni finyu," alisema, "lakini tazameni ubunifu wa wananchi." Aliniomba nisimame. Ukumbi ukapiga makofi, na mimi, mzee mzima, nikainamisha kichwa kushukuru. Hakuna aliyeuliza kama maksai walipatikana. Sidhani kama yule bwana alijua kwamba kulikuwa na maksai.

Msimu uliofuata, jioni moja, nilikuwa barazani nikaona watu wanakuja kwa barabara ya Bonga, wamechoka, wanacheka. Mbele alikuwa mfuata nyayo akiwaswaga ng'ombe wawili wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Walikuwa wameibwa juzi yake. Watu karibu ishirini walikuwa wametoka, siku mbili wamekuwa njiani, na mimi mwenyekiti sikuwa nimesikia hata mlango ukifunguliwa. Katikati yao alikuwa yule mjane, ambaye hana tena ng'ombe wa kuibiwa, amebeba kidumu cha maji ya wenzake.

Nikamwita. Akasimama, akaniamkia kwa heshima zote.

"Mbona hamkuniambia?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jibu lisiloumiza.

"Tulikuwa na haraka, mwenyekiti."