Vita vya Roboti Sebuleni kwa Kina Jaspal

Enzi zetu mashine ya gemu haikuwa na kumbukumbu hata ya kuku. Ukiizima, umefuta dunia. Ukiiwasha, mnaanza tena na Adamu. Ninyi mliokulia kandokando ya Ngong Road miaka ya tisini mnanielewa. Vijana wa leo wakipoteza dakika tano za mchezo wanalia kama waliofiwa.

Rafiki yangu Jaspal, niliyeketi naye dawati moja tangu darasa la tatu, aliishi mtaa wa Jamhuri, hapo hapo Nairobi. Mjomba wake aliagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na ndani ya buti ya gari moja akakuta mashine ya gemu imefungwa kwa gazeti kama samaki. Ilikuja na mchezo mmoja tu: roboti wakubwa kama maghorofa ya mjini, wakipigana juu ya ramani ya miraba. Haukuwa mchezo wa kubonyezabonyeza ovyo. Unasogeza roboti wako mmoja mmoja, unachagua silaha, kisha unangoja adui naye asogeze wake. Zamu kwa zamu, kama drafti.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, basi tulijifunza kwa kuumia. Neno la tatu kutoka juu lilikuwa kupiga, la nne kurudi nyuma, na la tano hatukulijua mpaka tulipolichagua na roboti wetu mkubwa akajilipua. Tena runinga ya kwao ilikataa kuonyesha rangi za mashine ile. Wetu na wao wote wakawa kijivu, na sijui tuliwapiga wetu mara ngapi. Tuliwapa majina. Kanjo, kama askari wa jiji, alikuwa yule wa kufukuza watu. Mama Mboga alikuwa mnene, mpole, na mgongoni amebeba makombora mengi kuliko sukuma wiki za soko zima la Dagoretti Corner.

Jaspal alishika kidude cha kuchezea. Mimi nilikuwa mchoraji: kila zamu ikiisha, nanakili mahali alipo kila roboti kwenye daftari la hesabu la miraba, tupate kupanga mashambulizi.

Likizo moja, Jumatatu asubuhi, nilimkuta amekaa mbele ya runinga na hajaiwasha.

"Tunahamia Uingereza," akasema. "Jumamosi."

"Mtarudi lini?"

"Haturudi, bana." Akaitazama ile mashine. "Na hatujawahi kuimaliza."

Kweli. Mchezo ulikuwa na vita ishirini, nasi hatukuwahi kuvuka vya kumi na mbili, kwa sababu kila jioni mama yake alituzimia. Tukaenda kumbembeleza jikoni. Tuliomba kitu kimoja: mashine isizimwe hadi Jumamosi.

"Sawa," akasema Mama Jaspal. "Lakini jirani aliyenunua hiyo TV akikuja kuichukua Jumamosi, nyinyi nje!"

Tuliiwasha. Nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, USIZIME, nikaigundisha juu ya soketi. Mama Jaspal alifagia akiizunguka kama kaburi la mtakatifu. Transfoma iliyoilisha mashine ile umeme wa Kijapani ilipata joto, ungekaanga chapati juu yake na mayai pembeni.

Wiki ile sikutulia. Adui alikuwa na roboti kumi na mmoja, na kila mmoja alifikiri kama mzee anayepanga mahari. Zamu yao ikifika, Jaspal anatafuna kucha, mimi natoka nje, nauzunguka mtaa mzima mbio, narudi, bado hawajamaliza. Nyumbani chakula hakishuki, goti linacheza lenyewe chini ya meza.

"Wewe, umekalia siafu?" mama akauliza.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo pale Dagoretti Corner. Zamani pasi aliyoisahau ilimchomea magauni ya kwaya, na tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko amri kumi: "Ukitoka chumbani, zima kwa ukuta! Stima haina undugu." Watoto wake tungeweza kuzima soketi tukiwa tumebeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni.

Jumamosi asubuhi tulifika vita vya ishirini. Sisi tulibaki na roboti wanne, wao watatu. Jaspal akacheza zamu yetu, na wao wakajibu.

"Kujeni mkunywe chai!" Mama Jaspal akaita. "Mara moja, sirudii!"

Jaspal akatangulia. Mimi nikabaki nikichora mahali pa kila roboti, nikafunga daftari, nikainuka, nikatoka.

Mlangoni nikasikia kimya.

Mkono wangu ulikuwa umepita kwenye soketi, chini kabisa ya karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Jaspal alirudi na kikombe. Akaitazama runinga, akanitazama. "Umezima?"

"Ni mkono tu, Jaspal. Sikukusudia."

"Umezima kwa ukuta," akasema polepole, kama anayesoma tangazo la kifo. Nilingoja anipige. Badala yake akakiweka kikombe chini. "Leta daftari."

Tukaliweka sakafuni. Tukaokota visoda vya chupa za soda tulizokunywa kuagana, tukavipanga kwenye miraba kama nilivyochora. Mimi nikawachukua maadui, maana nilistahili. Kila tukipiga tulirusha kisoda: kikianguka wazi juu, umelenga. Jirani alikuja na vijana wake, wakaturuka wakibeba runinga. Kanjo akaanguka, na wenzake wawili. Wawili wangu wakaanguka. Mwisho akabaki Mama Mboga peke yake, na adui wangu mmoja.

Honi ya gari lao ikalia nje. Jaspal akamsogeza Mama Mboga mraba mmoja, ana kwa ana na wangu.

"Zamu yako, beshte," akasema. Kisha akaenda.

Leo mwanangu ana mchezo wenye roboti wa rangi zote, na unajihifadhi wenyewe hata akipiga chafya. Anaacha vita katikati, anaenda kula, anasahau kwamba kuna jeshi linamngoja. "Tulia, baba, itaendelea tu," ananiambia. Nami situlii. Nikitoka chumbani, mkono wa kulia unakwenda ukutani, inabidi niushike kwa wa kushoto.

Daftari ninalo, na mahali pa wale wawili wa mwisho nilipachora siku ileile. Hesabu za masomo ya jioni, nilizozifanya nikiwa na ndevu, zilinifundisha kupima uwezekano, na nikilitazama naona nikirusha kisoda kikaanguka wazi, Mama Mboga ameanguka na vita vimekwisha. Sijakirusha. Mama Mboga amesimama palepale, kwa penseli, na zamu ni yangu.