Kanzu ya Babu na Nyani wa Mkwaja

Umewahi kudharauliwa na nyani, uani kwenu, mchana kweupe? Kwetu tumedharauliwa mara mbili.

Nilipokuwa mtoto hapa Mkwaja, Bibi aliniambia nyani huhesabu wanaume wa nyumba. Jeneza likitoka, wao wako juu ya mikorosho wanatazama. Wakijua mwanamume kapungua, wanahamia. Ndiyo maana Babu alipofariki, nguo zake zote ziligawiwa kama desturi, ila kanzu moja Bibi akaitundika nyuma ya mlango wa uani.

Arobaini haijaisha, nyani wakaja kung'oa mihogo ya uani. Bibi akavaa kanzu, akatia kofia, akatoka na bakora. Akakohoa kile kikohozi cha Babu cha tumbaku.

"Nani huyo kwenye mihogo yangu?" akanguruma.

Mimi dirishani, mbavu sina. Dume kubwa likainua uso, likamtazama kuanzia kofia mpaka miguu yenye hina iliyoanza kufifia, likarudi kumenya muhogo wake. Relaxed kabisa.

"Bibi, kakujua!"

"Hajanijua mimi, mjukuu wangu." Akakaa kizingitini na kanzu yake. "Kajua babu yako hayupo."

Nikaacha kucheka. Bibi, ambaye msiba mzima hakutoa chozi, alikuwa analia kwa sababu ya nyani.

Sasa Bibi naye hayupo. Nina digrii iliyolala kwenye bahasha, na applications nilizotuma hata "we regret" hazijaniletea. Nakula mihogo ileile. Elimu yangu inasema nyani hahesabu msiba wa mtu. Kazoea watu tu, na nguo haimtishi. Sawa. Lakini jana walipokuja niliivaa kanzu, nikakohoa. Dume likanitazama, likamenya. Na mimi, graduate mzima, binti wa watu, nikajikuta naliambia, "Shikamoo." Tangu asubuhi sikuwa nimesema na mtu.

Ndipo nilipomwelewa Bibi. Mihogo haikumliza. Kilichomliza ni kwamba kuna aliyeona nyumba imepungua mtu, na huyo aliyeona ni nyani.

Nyie mabwana nyama wa idara ya wanyamapori, taarifa yangu ya nyani mnayo tangu masika, kila siku "tunalifanyia kazi". Imebaki mistari miwili ya mihogo. Njooni kabla haijaisha! Na mkija, msinipigie honi barabarani mkaondoka. Shukeni, piteni mlango wa mbele, mkae uani, mkohoe kwa nguvu, chai nitapika. Acheni wale walio juu ya mikorosho wahesabu upya.