Mafundo ya Bi Kazija

Siku hizi ofisini kuna kompyuta, na neno la siri limebandikwa pembeni ya kioo, kila apitaye alisome. Vijana wakiambiwa hucheka. Mimi humkumbuka Bi Kazija Ame, nikamwombea dua.

Mwaka 1968 nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Mji Mkongwe. Tulikuwa na taipureta nne. Bi Kazija, Mtumbatu, binti wa mshona matanga, alikuwa mfagizi wetu. Hakuna aliyemtuma kulinda kitu. Lakini kila alasiri alizivika mashine vifuniko vya kitambaa cha marekani alivyovishona mwenyewe, akavifunga kwa kamba, fundo la kwao. Asubuhi aliyakagua mafundo kabla ya kuyafungua. Watu wa aina hiyo wamekwisha.

Jumatatu moja nilimkuta amesimama mbele ya mashine yangu.

"Usiiguse, Masoud. Imechezewa."

"Bi Kazija, fundo ni fundo."

"Hili la kufungia mbuzi. Mimi sifungi hivi hata nikiwa na homa."

Nilicheka. Yeye akaenda kumwita mkubwa wetu, Bwana Borafya, akamganda mpaka akaja, akaona, akaandika kwenye daftari la ofisi pamoja na tarehe.

Alhamisi walikuja watu wawili na barua isiyo na jina, ya kumtukana kiongozi mmoja. Walijaribu mashine zote; chapa ikalingana na ya kwangu. Wakati ule mtu akichukuliwa kwa jambo kama hilo, mkewe hajui aulize mlango gani. Shemsa wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Bwana Borafya akafungua daftari. Basi mashine ilitumiwa kati ya Jumamosi mchana na Jumatatu asubuhi, na siku hizo mimi nilikuwa Bwejuu msibani, kijiji kizima kimeniona.

Wakamtaka Bi Kazija afunge. Akafunga mashine zote nne, mafundo yakafanana kama mapacha. Kisha wakamgeukia mwenzetu aliyeitwa Mmanga, mshika ufunguo wa mlango.

"Nawe funga."

Akafunga la mbuzi. Wakaondoka naye.

Nilirudi kitini kwangu. Nikamwambia Bi Kazija sijui nimshukuru vipi.

"Nyanyua miguu," akasema, "nifagie."

Miezi miwili baadaye Shemsa alijifungua mtoto wa kike, nami nikamwadhinia sikioni mwenyewe.