Ncha ya Tepu

Wifi yangu hamwamini mtu. Ukimpelekea kitambaa ukamwambia ni mita tatu, anakipima mbele yako. Ukisema kimeshapimwa dukani, anakujibu, "Dukani walipima wao. Hapa napima mimi." Ukimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, anakutazama mikononi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Tepu kwa ajili ya ile tepu ya kupimia nguo anayoivaa shingoni tangu anapofungua chumba chake asubuhi. Anasema anaivua akilala. Mimi siwezi kumwekea dhamana.

Chumba chake ni cha mwisho katika safu ya nyumba zetu, na mlango wake wa nyuma unafungukia ufukweni. Ndani kuna cherehani mbili, meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na kamba ya sare za shule zinazongoja vifungo. Hicho ni chumba cha pili. Cha kwanza, kilichosimama karibu zaidi na maji, kilichukuliwa na bahari miaka miwili iliyopita, mchana kweupe, yeye akiwa ndani anatia pindo. Ukuta wa nyuma ulilala chini na cherehani ya mama yao ikaenda nao. Siku ile wifi yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake hakulia tena. Alianza kupima.

Alikuwa akipima hivi. Kila bamvua, yaani siku zile mbili za mwezi ambapo maji hujaa kuliko kawaida, tunangoja maji yaanze kurudi. Mtu mmoja anashika ncha ya tepu kwenye kizingiti cha mlango wake wa nyuma, ambacho kabla chumba kipya hakijajengwa kilikuwa jiwe tu la alama. Yeye anaivuta mpaka mwisho, anachomeka kijiti mchangani, mshika ncha anasogea kwenye kijiti, na wanaendelea hivyo mpaka pale maji yalipoishia. Kisha anaandika katika daftari lile lile la vipimo vya wateja, baina ya kiuno cha mwalimu mkuu na mabega ya bwana harusi fulani: ufukwe, tepu thelathini na moja.

Mshika ncha ndiye mwenye kazi. Akitaka kudanganya, anasogeza vidole kidogo tu na hesabu yote inaharibika. Kwa hiyo wifi alijaribu watu wengi na akawafukuza wote. Mwenye duka ana mkono mwepesi. Jirani wa kulia anaangalia pembeni. Mume wangu ana haraka. Mwisho akaja mlangoni kwangu, akaniangalia toka kichwani mpaka kandambili, akasema, "Wewe wifi, katika ulimwengu huu ni wewe tu nisiyekushuku." Nilicheka. Nilimwambia basi nitaandika tarehe. Lakini moyoni nilijisikia mtu, kwa kweli.

Wakati huo alikuwa akishonea sebuleni kwangu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mume wangu, ambaye ni fundi mwashi, alimwahidi kumjengea chumba kingine kabla shule hazijafunguliwa. Na alimjengea. Kazi ilikwenda mbio, mpaka nikajiuliza mchanga anautoa wapi, maana lori la mchanga sikuliona likiingia mtaani. Kisha nikaanza kufua. Suruali yake ya kazi ilikuwa ikirudi imelowa mpaka magotini, na siku moja mfukoni nilikuta kombe tatu ndogo za baharini, nyeupe, zile za kuchezea watoto. Nilizitupa jalalani nikaanika suruali. Sikuuliza. Nilijiambia mtu akikusaidia dadake humuulizi maswali.

Bamvua la tatu, mimi na wifi tukatoka kupima. Zilikuwa tepu ishirini na nane na nusu. Mbili na nusu zimekwenda kwa mpigo mmoja!

"Hii si bahari," wifi alisema. Akapiga magoti. "Bahari inalamba. Hapa pamechotwa. Angalia, wifi, hili ni shimo."

Nilikuwa nimesimama ndani ya shimo lenyewe, ncha ya tepu mkononi. Na mbele ya mguu wangu niliona alama ya gurudumu la toroli, yenye pengo kila baada ya hatua moja, kwa sababu gurudumu la toroli letu lina kiraka. Nikaburuta kandambili yangu juu yake, mara moja, mara mbili, kama mtu anayejipangusa tope. Wifi alikuwa ameinamia daftari.

Toka siku hiyo alimkalia kooni mfyatua tofali. Huyu ni mtu mpole, mwenye kiwanja chake mwanzo wa mtaa, anapanga matofali juani na kuyamwagilia maji huku akijiimbia. Wifi aliamua kuwa ndiye mwizi kwa sababu anajiimbia. "Mtu mwenye dhamiri safi anaimba nini?" aliniuliza. Alikuwa akipita kiwanjani kwake kila asubuhi, anachota mchanga kiganjani, anaunusa, anautazama kwenye jua, anaumwaga, anaondoka bila hata kuaga. Siku moja alimwita mwizi mbele ya watoto wake. Mfyatua tofali akasema, "Mama, mchanga wangu ni wa mtoni, ni mwekundu, unauona." Wifi akamjibu kwamba hata rangi zinauzwa dukani. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka pamoja nao, kisha nikarudi nyumbani nikamwaga chai yangu.

Msinielewe vibaya, kushuku kwake ndiko kulikotufikisha mbali. Ni yeye aliyeanzisha kamati ya ufukwe. Ni yeye aliyekwenda ofisi ya mazingira mara kumi na moja, akakaa kwenye lile benchi la korido mpaka wakamzoea kama samani. Alipoambiwa faili limepotea, aliomba kuonyeshwa kabati lilikopotelea. Afisa alipokuja hatimaye kutuona, kijana mwenye miwani na buti za mpira, wifi alimtazama buti akaninong'oneza, "Safi mno. Huyu hajawahi kukanyaga maji."

Afisa alieleza mpango. Watapanga mawe ya kuvunja nguvu ya mawimbi, watapanda mikoko upande wa mkondo, na watamwaga mchanga mpya mbele ya nyumba zetu. Bila hivyo, alisema, safu yetu ina miaka miwili, labda mitatu, na chumba cha mwisho hakina hata mwaka. Hakumtazama wifi aliposema hivyo, nikajua kuwa si mtu mbaya.

"Na nyinyi mnapata nini?" wifi aliuliza.

"Mimi? Mshahara wangu, mama."

"Mh," alisema wifi.

Palikuwa na sharti moja. Wanaoleta mchanga hawataumwaga mahali ambapo wenyeji wanauchota. Kwa hiyo kila kamati itie sahihi kwamba imechunguza na hakuna mwenyeji aliyechota mchanga, au kama yupo, atajwe. Wifi kama mwenyekiti ndiye wa kutia sahihi. Alipewa wiki mbili. Aliisoma fomu ile mara tatu kwa mbele na mara moja kwa nyuma.

"Siweki sahihi yangu juu ya uongo," aliniambia. "Nitamnasa yule mwimbaji kwanza."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Mwambie dada yako." Alikuwa ananoa mwiko. Akasema ni jambo la zamani, tena ni toroli arobaini tu, bahari inameza zaidi ya hizo kwa siku moja. "Nimemjengea yeye, sikujijengea mimi. Ulitaka ashonee uani?" Kwa wiki nzima tulikula tumepeana mabega.

Aliyesema ni ukuta.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, nimekaa chumbani kwa wifi namsaidia kushona vifungo. Alikuwa ametundika ukutani sketi ya bluu nzito ya mteja mmoja mkorofi. Alipoitungua, nyuma yake ilikuwa na unga mweupe. Akaikung'uta. Unga ukatoka, na doa likabaki. Akasogea ukutani. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kuanzia chini mpaka usawa wa goti, na nilikuwa nimeiona hivyo kwa miezi. Wifi naye alikuwa ameiona, ila siku zote alisema ni rangi mbovu, mwenye duka kamuuzia iliyolala.

Akachukua mkasi wake wa kukatia, ule ambao hata mimi hanikopeshi, akaanza kukwangua. Plasta ilianguka vipande. Akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakitia ulimini. Akatema chumvi. Akanyoosha mkono na kunionyesha. Katikati ya kipande palikuwa na kombe ndogo, nyeupe, nzima kabisa.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Nikaweka sindano na kifungo chini.

"Miaka miwili nanusa mchanga wa watu. Miaka miwili! Na nimeegemea huu." Akaketi kwenye kiti cha cherehani, uso umemshuka. Nilimwona amezeeka pale pale. Kisha akanishika mkono, na hili ndilo lililonimaliza. "Na wewe maskini alikuwa anakupita hivi hivi. Ungejua ungeniambia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Pole, wifi."

Jioni ile alikuja kwetu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliweka kipande cha plasta mezani mbele ya mume wangu. Mume wangu akakiangalia, akaangalia mlango, akasema, "Dada, nilikuonea huruma."

"Huruma gani ya kunijengea nyumba kwa ukuta wa nyumba yenyewe? Ule mchanga ndio uliokuwa unanikinga, mwanangu." Alimwita mwanangu, maana ndiye aliyemlea. Mume wangu akafunika uso kwa mikono yake yenye saruji. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Mkutano ulifanyika darasani, siku ya mapumziko ya shule. Watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Afisa alikaa mbele na fomu yake. Mwenye duka alisema sahihi iwekwe tukapumzike. Jirani wa kulia alisema mwizi anajulikana, akamgeukia mfyatua tofali, ambaye alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha. Watu wakamkalia mkao wa kumla.

Wifi akasimama. Akakitoa kile kipande kwenye mkoba, akakiweka juu ya fomu.

"Mwizi andikeni mimi," alisema. "Chumba changu kimejengwa kwa mchanga wa ufukwe. Aliyechota ni mdogo wangu, fundi, yule pale, toroli arobaini. Huyu bwana wa tofali nilimtukana bure mbele ya watoto wake. Nitakwenda nyumbani kwake nimwombe radhi mbele ya watoto hao hao." Akanionyesha mimi. "Ila wifi yangu msimguse. Yeye hajui kitu. Ndiye anayenishikia tepu."

Mume wangu ameinamisha kichwa. Na mimi nilihisi kandambili ile mguuni, ikiburuta mchanga, mara moja, mara mbili.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje.

"Nilijua," nikasema. "Tangu mwanzo. Alama ya toroli niliifuta kwa mguu wangu, siku ile ya tepu mbili na nusu. Wewe ulikuwa unaandika."

Hakunitukana, wala hakushangaa kwa sauti. Aliniangalia mikononi, vile anavyomwangalia kila mtu.

Afisa aliandika yote, akasema hajui wakubwa wake watasemaje. Alipotoka akavuka ule mfereji wa mbele ya shule kwa miguu, maji yakamfika shingo ya buti, na wala hakujali. Wifi aliona, ila hakuninong'oneza kitu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mradi upo. Wataanzia upande wa mkondo, na kipande chetu kitakuwa cha mwisho, baada ya mwaka mzima wa kuthibitika kuwa hakuna mchanga unaochotwa. Mwaka mzima, na chumba cha mwisho hakina hata mwaka. Mume wangu sasa anapanga magunia ya udongo nyuma ya kizingiti cha dadake kila siku akitoka kazini, hasemi na mtu. Dadake anampelekea chai, hasemi pia, lakini anampelekea.

Juzi lilikuwa bamvua. Tangu asubuhi nilikuwa nimevaa ile kandambili, nimekaa mlangoni, nangoja maji yaanze kurudi. Wifi akatokea na tepu shingoni na daftari kwapani. Nikainuka. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama mafua yamepungua, akapita.

Alirudi na mfyatua tofali. Akamwonyesha kizingiti, akamwekea ncha ya tepu mkononi, akamkunja vidole kimoja kimoja vikae sawasawa, jinsi alivyonifundisha mimi. "Shika hapa," alimwambia. "Usisogee mpaka niseme."

Nilibaki nimesimama mlangoni, nikiwahesabia kwa mbali. Zilikuwa kumi na nane.