Karatasi Alizosaini Baba Mdogo

Nawaambia mapema: Felicitas si mtu mbaya, na nikimsema humu nitakuwa najisema na mimi. Tunafanya kazi pamoja mwaka wa sita sasa, huku Kibamba, kwenye kituo cha ushauri kwa watoto kilicho nyuma ya duka la mabati. Yeye ni mshauri. Mimi natunza mafaili, napiga muhuri, na nikipata nafasi nachemsha chai.

Ni mtu wa Kibosho, mrefu, mkimya, wa kusali misa ya kwanza kila Jumapili. Akiwa na mtoto hukaa chini mkekani, ingawa magoti yanamsumbua na kuinuka kwake ni shughuli. Watoto wanachora, wanapanga vizibo vya soda, na katikati ya mchezo maneno yanaanza kutoka. Naye anaandika. Karatasi ya kikao huwa pajani, anaandika karibu bila kuitazama, na mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu mimi ninayekaa mezani.

Shida ni utaratibu wetu. Kila kikao kikiisha, mlezi aliyemleta mtoto anasoma karatasi hiyo na kusaini chini. Waliotunga utaratibu hawakutaka wazazi waone wanafichwa mambo ya watoto wao. Anayeusimamia utaratibu huo ni mimi: karatasi isiyo na saini ya mlezi haiingii kwenye kabati langu, hata aje nani.

Mwaka wake wa kwanza Felicitas aliandika kila kitu kama alivyokisikia. Kuna mama mmoja alisoma mbele yetu kwamba mwanawe amesema mama anampenda mdogo wake tu. Akasaini, akashukuru, akaondoka na mtoto. Wiki iliyofuata mtoto alikuja mkono umevimba, na kila alipoulizwa jambo aliitazama karatasi, akafunga mdomo. Hakurudi tena. Tangu hapo Felicitas akajifunza kuandika kwa adabu.

"Mama Praygod," aliniambia, "mie naandika kitu ambacho mtoto anaweza kurudi nacho nyumbani."

Nilimsifu. Nilimwambia huo ndio utu.

Basi mwaka jana mwezi wa tatu akaletwa Yuliana. Alikuwa na miaka minane, wazazi wake wote wametangulia mbele ya haki, analelewa na baba yake mdogo, Alfonsi, mtu wa Masasi anayefuga kuku wa nyama. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyeandika barua, kwamba mtoto hasemi na anajikojolea. Alfonsi alimleta mwenyewe kila Alhamisi, saa tisa kamili, shati limepigwa pasi. Akipewa karatasi anasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, halafu anasaini jina zima. Nilimpenda. Nisijifanye leo kwamba nilihisi kitu.

Kikao cha sita Yuliana akasema. Chumba cha Felicitas kina pazia badala ya mlango, kwa hiyo nilisikia.

"Baba mdogo akikasirika ananifungia kwenye banda la kuku," alisema. "Anatia kufuli. Kuku wananipanda."

"Unakaa mpaka saa ngapi, mama?"

"Mpaka kesho yake."

Alfonsi alikuwa kwenye benchi nje, kofia kaiweka gotini, anasubiri karatasi yake. Felicitas akaandika, na ninayajua maneno yale kwa kichwa maana niliyapigia muhuri: Mtoto hutengwa kwa muda anapokosea. Hafurahii. Alfonsi alisoma. Kidole chake kilisimama kidogo kwenye neno "hutengwa", kikaendelea, akasaini. Jioni ile Yuliana alirudi nyumbani salama, na Alhamisi iliyofuata alikuja, akacheka hata. Felicitas alinikonyeza. Tuliona tumecheza vizuri.

Asije mtu akasema alikaa tu. Siku ileile alimpigia simu afisa ustawi, akamweleza kwamba mtoto hayuko salama, ila banda hakulitaja, akiogopa Alfonsi asije akaulizwa mtoto angali kwake. Akamtafuta na Tabu, shangazi wa mtoto, anayeuza vitenge Temeke. Tabu hakuuliza maswali mawili. "Mie nina chumba kimoja," alisema, "lakini mtoto wa kaka yangu hawezi kunishinda kulala naye." Afisa akasema tukutane wote hapahapa kituoni kwetu, faili liwe mezani, aamue mtoto akae wapi.

Tulikutana mwezi wa sita. Faili nililibeba mimi. Afisa, mama mtu mzima asiye na makuu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kikao cha sita akatabasamu.

"Hiki ndicho tunachowafundisha wazazi kwenye semina. Usimchape mtoto, mtenge kidogo atulie. Bwana Alfonsi, wewe ulihudhuria?"

"Nilihudhuria, mama," alijibu Alfonsi.

Felicitas alisimama.

"Si kutengwa huko. Anafungiwa kwenye banda la kuku, na kufuli, mpaka kesho yake."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Aliyetakiwa kuandika ni nani?"

"Ni mimi." Akamtazama Alfonsi. "Sikuandika kwa sababu yeye ndiye anayesoma."

Alfonsi hakupandisha sauti. Ningeshukuru angepandisha. "Dada Felicitas, kurasa tisa hizi nimesaini mbele yako. Ungekuwa na neno na mimi, si ungenambia tu?"

Nikadakia. Nikasema hata mie nilisikia, pazia halizibi kitu. Afisa akageuza ukurasa, akanionyesha. "Mama Praygod, huu muhuri ni wa nani?"

"Wangu."

Nikakaa.

"Basi muulizeni mtoto mwenyewe!" alisema Tabu, machozi tayari.

Yuliana akaitwa. Akatuamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, bila kumruka mtu. Afisa akamuuliza kwa upole kama kuna siku amefungiwa bandani. Mtoto aliitazama mikono ya baba yake mdogo iliyotulia juu ya meza. Akasema hapana.

Afisa alivua miwani. Simlaumu sana, ingawa siku ile nilitamani kumzaba. "Nilifika nyumbani kwake," alisema. "Mtoto ana kitanda, ana chandarua, banda nimeliona ni safi. Sisemi nyie ni waongo. Lakini nikimtoa mtoto leo, bwana huyu akienda mahakamani, nitasimama na nini mkononi? Na hizi?" Akaigonga karatasi kwa kidole.

Akaamua mtoto abaki alipo, na vikao vifungwe maana maendeleo ni mazuri. Maendeleo hayo tuliyaandika sisi. Tabu aliondoka bila kutuaga, na alikuwa na haki.

Ikabaki karatasi ya mwisho, ya kufunga faili. Felicitas aliijaza palepale, kalamu ikimkwama kila mstari. Alfonsi akaisoma yote, akasaini jina zima, akatushukuru kwa jinsi tulivyomsaidia mtoto wake. Mimi nikapiga muhuri. Ningefanya nini?

Alfonsi alitoka kwenda kuita bodaboda. Felicitas alikuwa ameshakaa mkekani, kichwa chini. Yuliana akaja akasimama mbele yake.

"Aunti, si nilikuona unaandika?"

"Niliandika, mama."

"Nilivyosema?"

Nje Alfonsi aliita jina la mtoto, mara moja tu. Yuliana akaokota begi lake la shule, akalivaa mabega yote mawili, akamwinamia Felicitas aliyekuwa anapangusa macho.

"Usilie, aunti," alimwambia taratibu. "Labda wale hawajui kusoma."