Uji Kabla ya Mahari

Mimi huuza ndagala, kwa hiyo njaa naijua kwa sura. Mteja aliyeshiba huwatukana samaki. Mwenye njaa hukutukana wewe na mama yako. Wakati wa vita, barabara ya Kamanyola ilipofungwa na unga ukaadimika Uvira, soko zima lilizungumza kama watu waliokanyagwa kidole. Wengi walisema ni hofu ya risasi. Mimi nilisema ni tumbo: likikosa kitu, kichwa nacho kinafunga duka.

Ushahidi niliupata siku tuliyokwenda Mulongwe kumposea mdogo wangu. Familia ya msichana ilikuwa imekimbia kutoka Katogota na kupanga nyumba ndogo karibu na mto. Mdogo wangu alikuwa amempenda binti huyo kiasi cha kuoga ziwani asubuhi na jioni, bila kujali nani anafyatua risasi upande gani. Tusipoelewana siku hiyo, wao wangevuka kwenda Burundi na binti yao, naye angebaki na usafi wake.

Sasa, kwetu mtu akienda ukweni hatangulii kula. Anafika na tumbo tupu ili asiaibishe vyungu vya wenyewe. Wao nao, ili vyungu vijae, walikuwa hawajala tangu jana. Na chakula hakipakuliwi mpaka mahari ikubaliwe. Kinachoruhusiwa ni kinywaji tu. Wakatuletea kasiksi, pombe ya ndizi. Hesabu mwenyewe, kisha urudie: wazee wenye njaa, pombe, na harufu ya maharage ikitoka jikoni.

“Tunataka ng’ombe,” akasema baba mdogo wa msichana.

“Ng’ombe gani?” mjomba wetu akamjibu. “Uliza basirikari, bale ba bunduki. Bao njo balikula.”

“Kwa hiyo mulikuja kuposa ao kuomba?”

“Na weye unaoza mutoto ao unatafuta nauli ya Bujumbura?”

Mzee mmoja akasimama. Mwingine akaanza kutafuta kofia yake, ilhali alikuwa ameivaa. Mdogo wangu aliangalia miguu yake. Nikaingia jikoni.

Mama wa msichana alikuwa ameketi mbele ya vyungu kama mlinzi wa benki.

“Mama, pakua,” nikamwambia. “Kule hakuna bantu, iko matumbo tu njo inagombana.”

“Hapana. Bakule, kisha bakatae? Nitaficha uso wapi?”

“Basi tuache chakula. Uji, banakunywaka ao banatafunaka?”

Akaniangalia sana. “Banakunywaka.”

“Basi iko kinywaji.”

“Weye uko mwanamuke wa soko.”

“Ule unga wa soya wa bakimbizi, uko nao?”

“Iko kidogo.”

“Tia na karanga.”

“Karanga iko bei! Toka mu jikoni yangu,” akasema, lakini tayari alikuwa anatafuta mwiko.

Nilihesabu vikombe mara mbili, upande wetu na upande wao, maana kikombe kimoja kikipungua tungekuwa na vita vingine. Wazee wakanywa wakinung’unika kwamba uji ni wa watoto. Vikombe vilirudi jikoni kama vilivyooshwa.

Kisha nikamsikia baba mdogo akikohoa.

“Mukwe, hao ng’ombe yako balikuwa ba rangi gani?”

“Ba kahawia. Moja alikuwa na pembe ya kupinda.”

“Balikula na yangu. Ule mweupe.”

Wakaomboleza ng’ombe wao kwa zamu, kama wajane. Haukupita muda wakakubaliana: mbuzi sasa, ng’ombe vita vikiisha. Hakuna aliyeuliza vitaisha lini. Mtu akishakunywa uji wa karanga, maswali ya namna hiyo humpita kando.

Ilibaki kumuuliza mwenye kuoa, naye alikuwa amekaa mkekani pembeni, ambako hakuna aliyepeleka kikombe.

“Mutoto, unakubali?” mjomba akamuuliza kwa sauti tamu.

Mdogo wangu akainua kichwa. “Minye nilikubali zamani! Minye niko nauliza, chakula iko wapi?”

Wazee wakashika midomo. Mama wa msichana akatokeza mlangoni na sinia.

“Mumuache,” akasema. “Hata minye niko na njaa.”

Akampakulia yeye kwanza, kisha akaketi hapohapo akajipakulia mwenyewe.