Matandazo ya Mama

Bado nina hasira na reli, na siombi radhi kwa hilo. Baba aliitumikia tangu ujana wake, kwenye gengi la matengenezo huko mbele ya Tabora. Alikaza mataruma, akarudishia kokoto, akafyeka majani. Majani hasa. Kiangazi cheche ikitoka kwenye breki za treni ikaangukia majani makavu, mnyapara aliwashukia vibarua wake kama mwewe. Nyumbani Ihembe alikuja mara moja kwa mwaka, likizo, na dumu la asali. Tulimwamkia, tukala asali, akaondoka.

Kibanja, shamba letu la migomba, kilikuwa cha Mama. Nasema cha Mama, na wanaukoo wanune wakitaka. Ni yeye aliyepogolea migomba, akasomba nyasi kichwani kutoka mbugani, akazitandaza shinani mwaka hadi mwaka, mpaka ukikanyaga mguu unazama. Bila matandazo udongo wetu hukauka, na mgomba huanguka na mkungu wake mchanga. Hilo kila mtoto wa Karagwe analijua.

Baba hakulijua. Alistaafu, akarudi na magoti mabovu, na mwezi huohuo Mama akaenda Nyakahanga kumuuguza dada yangu hospitalini. Mzee akaona amfurahishe mkewe. Alikwangua nyasi zote, akazikusanya kwa reki, akazichoma. Nilipofika kutoka Omurushaka, ninakoishi, nilikuta kibanja cheupe, kimefagiliwa, migomba imesimama juu ya udongo mtupu na jua la Julai linawaka. Naye yuko kando, jasho linamtiririka, anangoja sifa.

"Sasa pako safi," akaniambia. "Hata moto ukija, haupiti hapa."

Nilimfokea bila aibu. "Tata, umetuua! Unajua Mama amezibeba nyasi hizo miaka mingapi?"

"Majani makavu ni hatari, mwanangu," akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza kibarua mpya.

Upole ule ndio ulionipandisha mori. Wakubwa wa reli walimchukua kijana aliyezaliwa migombani, wakamtumia mpaka magoti yakaisha, kisha wakaturudishia mzee asiyejua mgomba unahitaji nini. Na hakuna aliyemwona amepungukiwa na kitu. Majirani walimwita mtu wa reli, kwa heshima kabisa.

Mama alirudi jioni ile. Alikizunguka kibanja, akainama, akachota majivu, akayaacha yaanguke. Nilingoja alipuke. Nilitaka alipuke, nami nilikuwa tayari kumsaidia. Nikaanza hata kabla yake, nikarudia yote niliyoyasema mchana, kwa sauti kubwa zaidi.

Akanikatiza. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka tulipo, ameshika reki yake, anasikia kila kitu.

"Acha kumgombeza mgeni," Mama alisema.

Baba akaketi chini, palepale kwenye udongo mtupu.